Shajara ya mradi: Miaka saba ya Julian Barnes mbele ya runinga

Siku ya 1

Kazi niliyojitwisha ni makala ya wasifu wa Julian Barnes, Mwingereza, kwa Kiswahili, maneno yasiyozidi 3,000, kwa msomaji ambaye hajawahi kushika hata kitabu chake kimoja. Muda ni wiki tatu. Mhariri wangu, dada mmoja ambaye kalamu yake nyekundu haina haya wala huruma, kanipa sharti moja: "Orodha ya vitabu na tuzo naweza kuitafuta mwenyewe. Wewe niletee mtu."

Nikamwitikia vizuri, kisha nikakaa nikaandika orodha. Kazaliwa 19 Januari 1946, Leicester. Baba na mama wote walimu wa Kifaransa. Akakulia vitongoji vya London, akasoma City of London School, halafu lugha katika chuo cha Magdalen, Oxford. Kaka yake, Jonathan, ni mwanafalsafa aliyebobea katika Wayunani wa kale. Kamusi. Majarida. Riwaya. Tuzo ya Booker, ile kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 2011.

Jioni nimehesabu mistari. Utoto mistari 12, vitabu mistari 40, na kipindi cha 1979 hadi 1986 nusu mstari: "aliwahi pia kuwa mhakiki wa televisheni." Hilo "pia" limenikera. Nimelipigia mstari na kwenda kulala.

Siku ya 3

Jana sikuandika kitu, nilisoma tu. Leo nimeshika kipande cha kamusi, na kimenipa raha kuliko nilivyotegemea.

Alipotoka chuoni mwaka 1968, Barnes aliajiriwa kwenye nyongeza ya kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, chini ya mhariri Robert Burchfield. Akakaa kama miaka mitatu. Juzuu la kwanza la nyongeza hiyo, kuanzia A hadi G, lilitoka mwaka 1972. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba fungu lililomwangukia lilikuwa maneno ya michezo na maneno machafu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye haya, analipwa mshahara kutafuta ni lini tusi fulani liliandikwa kwa mara ya kwanza. Huyo tayari ni mtu, si orodha. Dada atafurahi.

Jambo ninalotaka lionekane: katika kamusi ya aina ile, kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa, hakisimami kwa maarifa ya mtunzi. Kinasimama kwa nukuu yenye mwaka. Ukidai neno lilikuwepo 1890, leta karatasi. Nusu ya wasimulizi wa Barnes wanaishi na ugonjwa huo: wanataka karatasi, na karatasi wanayoipata ama haitoshi au inawaumbua. Nitarudi hapa nikifika kwenye riwaya yake ya kasuku.

Alisomea sheria vilevile. Hilo nalipitia kwa sentensi moja.

Siku ya 5

Nimekwama kwenye neno lenyewe. "Mhakiki wa televisheni." Nimemsomea jirani yangu aya ile, akaniuliza: "Yaani alikuwa anaandika tamthilia ipi nzuri ipi mbaya?" Hapana. Basi itabidi nieleze, na nikianza kueleza nakula maneno 300.

Nimejaribu hivi. Uingereza ya mwaka 1979 ilikuwa na idhaa tatu tu: BBC1, BBC2 na ITV. Ya nne, Channel 4, ilifunguliwa 2 Novemba 1982. Kwa hiyo jioni moja mamilioni ya watu walikuwa wakitazama kitu kilekile, na kilipokwisha kilikwisha. Mashine za kurekodi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia majumbani. Mhakiki wa wiki hakuwa anamshauri mtu atazame nini, maana kipindi kilishapita. Alikuwa anaandika kuhusu kitu ambacho msomaji wake naye alikuwa amekitazama usiku uleule, labda kwa usingizi, labda huku anakula. Mpira, taarifa ya habari, filamu za wanyama, mahojiano na wanasiasa, michezo ya kuigiza, vyote vilikuwa chakula chake. Kazi ilikuwa kuona kile ambacho wote walikiona lakini hawakukitazama.

Barnes alianzia kwenye jarida la New Statesman, kisha akahamia gazeti la Jumapili, The Observer. Pale alirithi kiti cha Clive James, Mwaustralia aliyekikalia tangu 1972 hadi 1982 na kuifanya safu ile kuwa jambo ambalo watu walinunulia gazeti. Kurithi kiti cha mchekeshaji si mchezo: wasomaji wanafika vinywa viko wazi, tayari kucheka, na wewe hata hujasema neno.

(Kwa upande wa pembeni: James naye alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1983, mara tu baada ya kuondoka pale. Nilitaka kuandika aya nzima kuhusu jambo hili. Nimejizuia.)

Siku ya 6

Leo nimefanya kilichopaswa kufanywa siku ya kwanza. Nimechukua karatasi, nikaigawa safu mbili, kushoto kazi ya runinga, kulia vitabu, mwaka kwa mwaka.

Kushoto ni mstari mmoja mrefu: 1979 hadi 1986, safu kila wiki.

Kulia: *Metroland*, 1980. *Duffy*, 1980. *Fiddle City*, 1981. *Before She Met Me*, 1982. *Flaubert's Parrot*, 1984. *Putting the Boot In*, 1985. *Staring at the Sun*, 1986.

Nimehesabu mara mbili, nikamwita mtu mwingine ahesabu. Riwaya saba. Nne kwa jina lake, tatu kwa jina la bandia, zote ndani ya miaka ileile niliyoipa nusu mstari na neno "pia".

Hapa makala imegeuka. Nilikuwa nimepanga kusimulia habari ya mtu aliyekuwa akichuma riziki kwa kutazama runinga mpaka fasihi ilipomwokoa. Karatasi inakataa. *Metroland*, riwaya ya kijana wa vitongojini anayeota Paris, ilimchukua kama miaka saba au minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni ya kabla ya safu. Mwanamume wa miaka 34 ndipo anatoa kitabu cha kwanza. Kisha, akiwa na tarehe ya kukabidhi makala kila wiki shingoni, anatoa kitabu karibu kila mwaka.

Sisemi safu ndiyo iliyoandika riwaya. Nasema tu kwamba haikuzizuia, na mimi nilikuwa naandika kana kwamba ilizizuia.

Kitu kimoja zaidi nimekiweka kwenye aya hii. Barnes mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa New Statesman, kwenye vikao vya kila wiki haya ilimfunga ulimi kiasi kwamba wenzake walimhesabu kuwa bubu wa ofisi. Chumba kile kilikuwa na waandishi kama Martin Amis na Christopher Hitchens, watu ambao hawakuwahi kukosa la kusema. Huyu anakaa kimya, anarudi nyumbani, anaandika. Nadhani makala itaanzia hapa, si Leicester.

Siku ya 8

Dan Kavanagh. Hili ndilo jina la bandia, na linataka mkono mwepesi.

Duffy ni askari wa zamani aliyeacha polisi na kufungua kazi ya ulinzi, anayelala na wanaume na wanawake, anayezurura London ya maduka ya picha chafu na viwanja vya ndege na mpira wa madaraja ya chini. Vitabu vinne, cha mwisho *Going to the Dogs* cha 1987. Jina Kavanagh ni la ubini wa mkewe, Pat Kavanagh, wakala wa fasihi mzaliwa wa Afrika Kusini, waliyeoana mwaka 1979. Kwa hiyo mume aliandika vitabu vya uhuni kwa jina la ukoo wa mke. Nimejaribu kulisema hili bila utani nikashindwa, nimeacha utani ubaki.

Maneno yale machafu ya kamusi naona hayakupotea bure.

Siku ya 9

Ukurasa wa leo ni mrefu kwa sababu nimepata uti wa mgongo wa makala.

Nimerudia kusoma *Before She Met Me*, "Kabla Hajakutana Nami". Mara ya kwanza niliisoma kama riwaya ya wivu, nikaiona ndogo kando ya zile zinazosifiwa. Mhusika ni Graham Hendrick, mwalimu wa historia chuoni, mwanamume mpole kupita kiasi, aliyemwacha mke wa kwanza na kumwoa Ann. Ann zamani alikuwa mwigizaji wa filamu, za hovyohovyo, nafasi ndogo ndogo. Siku moja Graham anaingia sinema na kumwona mkewe, juu ya pazia, akifanya uzinzi na mwigizaji mwingine. Uzinzi wa kuigiza, wa miaka ya nyuma, kabla hawajajuana. Mara ya kwanza hajali, hata anacheka. Wivu unamshika baadaye. Anaanza kufuatilia filamu zote za Ann, anavuka mji kwenda kuziona, anatunza kumbukumbu, anachunguza kama mwanahistoria anavyochunguza nyaraka. Mwisho wake ni damu.

Kitabu hiki kimetoka mwaka 1982. Mwandishi wake wakati huo analipwa kukaa mbele ya kioo kila usiku na kutunza kumbukumbu ya alichokiona.

Huu ni usomaji wangu, na nimeuandika kama usomaji wangu, bila kumwekea Barnes maneno mdomoni. Lakini nauona wazi. Mhakiki wa runinga anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kilichopo kwenye kioo ni watu wanaofanya kazi yao. Graham anajua vilevile, ni msomi, si mjinga. Kujua hakumsaidii. Anatazama mpaka anaamini. Kwangu hii ndiyo riwaya ya mhakiki: hadithi ya mtu ambaye ana elimu yote ya kutazama kwa umbali na umbali wenyewe unamponyoka.

Nimeipa maneno 500. Najua dada atasema ni mengi kwa kitabu ambacho hakuna anayekitaja kwanza. Nitapigania.

Siku ya 11

Aibu ya leo. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika kwamba Wafaransa walimpa tuzo ya Femina mwaka 1986 kwa kitabu cha kasuku, *Flaubert's Parrot*. Nimechanganya mambo. Mwaka 1986 ilikuwa Médicis, tuzo nyingine ya Kifaransa, na aliipata upande wa insha. Femina ya kigeni ni ya 1992, kwa *Talking It Over*. Nimesahihisha sehemu tatu. Laiti ingepita, mjuzi mmoja angenitandika nayo mpaka mwakani.

Ila hilo la insha nimelipenda. Uingereza kitabu kiliingia orodha fupi ya Booker kama riwaya, mwaka 1984. Wafaransa wakakigeuza huku na huku wakakipa tuzo ya insha. Wote walikuwa sahihi.

Siku ya 12

Kasuku mwenyewe. *Flaubert's Parrot*, "Kasuku wa Flaubert".

Geoffrey Braithwaite, daktari mstaafu, mjane, anakwenda Rouen, Ufaransa, kutafuta kasuku aliyekaushwa ambaye Gustave Flaubert, mwandishi Mfaransa wa karne ya 19, aliazima na kumweka mezani alipokuwa akiandika hadithi ya mtumishi wa ndani na ndege wake. Anamkuta kwenye jumba la makumbusho. Kisha anamkuta mwingine, Croisset, kando ya Rouen, alikoishi Flaubert, naye anasemekana ndiye. Yupi wa kweli? Anafuatilia kama mpelelezi, na mwisho anaambiwa kwamba watunzaji wa makumbusho walipotaka kasuku, walipelekwa kwenye hifadhi palipokuwa na kasuku 50, wakachagua aliyefanana na maelezo.

Katikati ya ukaguzi huu wote wa ndege, daktari anazungukazunguka jambo moja ambalo halisemi hadi kitabu kinakaribia kwisha: habari za mkewe. Ndege ni njia yake ya kutozungumza.

Hapa nimerudi kwenye kamusi kama nilivyoahidi: leta karatasi. Ila nimeona nisilazimishe runinga kwenye kila kitabu. Kasuku ni mwana wa kamusi. *Before She Met Me* ni mwana wa kioo. Nimeviacha hivyo, makala haihitaji ufunguo mmoja kwa milango yote.

Nimepoteza saa nzima nikijiuliza niseme "aliyekaushwa" au "aliyejazwa". Ngozi ndiyo hukaushwa, ndani hujazwa. Nimebaki na "aliyekaushwa" kwa sababu "kasuku aliyejazwa" inanukia jikoni.

Siku ya 14

Siku nzito. Pat Kavanagh alifariki Oktoba 2008. Tangu madaktari waone uvimbe kwenye ubongo hadi kifo ni siku 37, hesabu ambayo Barnes ameiandika mwenyewe katika *Levels of Life*, kitabu cha 2013. Kitabu kile kinaanza na maputo ya hewa ya karne ya 19 na mpigapicha Nadar, kinapita kwa mwigizaji Sarah Bernhardt, na ndipo, sehemu ya tatu, kinafika kwa msiba. Kama daktari na ndege wake. Safari hii hakuna mhusika wa kujifichia.

Nimeandika aya moja tu. Nilikuwa na nne. Mambo ya urafiki uliovunjika mwaka 1995, pale Martin Amis alipomwacha Pat na kuchukua wakala mwingine, nimeyapa sentensi moja kwa sababu yalitangazwa magazetini na msomaji atayakuta kwingine. Zaidi ya hapo ni umbea.

Tafsiri imenitesa. Mwaka huohuo wa 2008, miezi michache kabla ya msiba, alikuwa ametoa *Nothing to Be Frightened Of*, kitabu kuhusu hofu ya kifo. Kinaanza kwa sentensi fupi: hamwamini Mungu, lakini anaona pengo lake. Nimeandika "Simwamini Mungu, lakini namkosa." Mbaya: "namkosa" inasikika kama mtu aliyerusha jiwe likapita pembeni. "Nina hamu naye" imekaa kimapenzi. Mwisho nimechukua lugha ya watu wanapokutana baada ya muda mrefu: "Simwamini Mungu, lakini nimemkumbuka." Hapo kuna joto, na kuna kukumbuka pia, ambako kwa Barnes si jambo dogo.

Alipomwuliza kaka yake mwanafalsafa anaionaje sentensi ile, alijibiwa kwa neno moja la dharau, la kusema ni ulegevu wa machozi. Nikampelekea dada anisaidie neno la Kiswahili. Akajibu kwa neno moja vilevile: "Urojo." Nimeliweka.

Siku ya 16

Booker, kwa haraka. Orodha fupi 1984, 1998 kwa *England, England*, 2005 kwa *Arthur & George*, mara zote tatu akarudi mikono mitupu. Mwaka 1987 alikuwa ameshaiita tuzo ile bingo ya watu wa hadhi. Mwaka 2011 bingo ikamwangukia, pauni 50,000, kwa *The Sense of an Ending*, kitabu chembamba cha kurasa 150 hivi. Mwenyekiti wa majaji alikuwa Stella Rimington, aliyewahi kuongoza idara ya ujasusi ya MI5. Jukwaani Barnes alimkumbusha kila mtu habari ya Borges, mwandishi wa Argentina, aliyedai kuwa Sweden kuna kiwanda kidogo ambacho kazi yake ni kutompa Nobel. Akasema wakati mwingine alishuku kwamba Uingereza nako kuna tawi.

Kitabu kinamhusu mzee aliyetulia, Tony Webster, anayeamini ujanani alikuwa mtu wa kawaida asiye na ubaya, mpaka anapoletewa barua aliyoiandika kwa mkono wake. Karatasi tena.

Siku ya 17

Dada amerudisha rasimu. "Kaka, Graham na sinema zake wabaki, nimewapenda. Leicester itoke aya ya kwanza. Na hiyo ya maharagwe ya James uifute." Hakukuwa na maharagwe popote, nadhani aliandika usiku. James amefutika hata hivyo, isipokuwa kile kiti.

Amekata pia vitabu sita nilivyovitaja bila kusema lolote juu yake. Nilijitetea kwa kile kinachosimuliwa na kidudu cha mbao aliyejificha ndani ya safina ya Nuhu, *A History of the World in 10½ Chapters* cha 1989. Amekiachia sentensi mbili.

Siku ya 19

Kuna duara moja nimeligundua nikiwa nakagua tarehe. Mwaka 2015 ITV ilirusha *Arthur & George* kwa sehemu tatu, Martin Clunes akiigiza Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Idhaa ileile aliyokuwa akilipwa kuitazama mwaka 1979 sasa inamwonyesha yeye, na wiki ile wahakiki wengine, kwenye viti kama kile chake, wakafungua runinga na kunoa kalamu. Nimeandika hivyo tu, nikaweka nukta.

Nimeongeza mstari wa *Departure(s)*, kilichotoka Januari 2026 alipotimiza miaka 80, na ambacho amekitangaza kuwa cha mwisho.

Siku ya 21

Nimetuma. Maneno 2,940. Neno "pia" la siku ya kwanza halimo. Aya ya kwanza ina mtu kikaoni, kimya, anayesubiri kikao kiishe. Miaka saba ya safu imepata maneno 900.

Limebaki suala la picha. Dada anataka ya usiku wa Booker. Mimi nimeomba runinga ya zamani, ile ya kisanduku cha mbao, imezimwa. Ameniambia runinga iliyozimwa haivutii msomaji. Nimemwambia kwenye kioo cha runinga iliyozimwa mtu hujiona sura yake. Hajajibu bado.